Kunguru wa yeni mia: jinsi Wajapani walivyochora wanyama kwa wino juu ya hariri

Mwaka 1881, kwenye Maonyesho ya Pili ya Taifa ya Viwanda yaliyofanyika Tokyo, mchoraji Kawanabe Kyosai alitundika picha ya kunguru mmoja aliyetua kwenye tawi kavu. Hapakuwa na mlima nyuma yake wala mwezi juu yake. Ni wino tu juu ya hariri. Bei aliyoitaja ni yeni 100, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na watu wakaguna: yote hayo kwa kunguru? Inasimuliwa kwamba Kyosai aliwajibu kuwa bei ile si ya ndege, ni ya miaka aliyosota kujifunza. Majaji wakampa tuzo ya ustadi, na mwenye duka la vitamutamu la Eitaro, ambalo lipo hadi leo, akainunua picha bila kupunguziwa hata yeni moja.

Mguno ule haujaisha. Picha za namna hii zinapopita mtandaoni, wengi huona mistari michache, nafasi tupu kubwa na ndege mmoja, wakahitimisha kuwa ni kazi ya dakika tano. Anayetaka kuitetea naye huja na hadithi ileile: mtawa wa Zen, moja ya madhehebu ya Kibudha, alitulia, akavuta pumzi, brashi ikaenda yenyewe. Hadithi hiyo ina ukweli wake kwa picha fulani za karatasi. Kwa picha za wanyama juu ya hariri, inapotosha zaidi kuliko inavyosaidia. Wengi waliochora juu ya hariri walikuwa mafundi wa kulipwa, wenye karakana, wanafunzi na wateja wa kuwasumbua, na hariri yenyewe ni kitu kisichokubali kuvamiwa. Wepesi unaouona ulipangwa siku nyingi kabla brashi haijalowa.

Watawa, karatasi na hariri

Uchoraji wa wino ulitoka China. Katika karne ya 13 na 14 watawa wa Zen waliovuka bahari kwenda kusoma walirudi na maandiko, chai na picha. Kati ya picha zilizofika Japani, zilizoacha alama kubwa kuliko zote pengine ni tatu za mtawa wa Kichina Muqi, zinazotunzwa katika hekalu la Daitokuji mjini Kyoto: katikati Guanyin, mtakatifu wa huruma, upande mmoja korongo, upande mwingine giboni, yule nyani wa mikono mirefu asiye na mkia, amekaa juu ya tawi la msonobari amemkumbatia mwanawe. Zimechorwa juu ya hariri. Kwao, Muqi hakuthaminiwa sana. Wakosoaji wa Kichina walimwona mtu wa mkono usio na unadhifu. Japani walimfanya mwalimu wa vizazi.

Wachoraji wa kwanza wa Kijapani waliofuata njia hiyo walikuwa watawa kwelikweli. Mnamo 1415 hivi mtawa Josetsu alimchorea shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Ashikaga Yoshimochi picha ya mtu anayejaribu kumkamata kambare kwa kibuyu, na watawa 31 wakaongeza mashairi juu yake, kila mmoja akijaribu kujibu fumbo hilo lisilojibika. Sesshu, anayetajwa mara nyingi kama mkubwa wao wote, alikwenda China mwaka 1467 akarudi 1469. Picha iliyomjengea sifa ya mkono mwepesi, ile ya mandhari ya wino uliomwagwa ya mwaka 1495, iko juu ya karatasi. Karatasi isiyotiwa dawa hunywa wino papo hapo. Ukigusa umegusa, hakuna kurudi nyuma. Hapo hadithi ya pumzi moja ina mahali pake.

Hariri ni habari nyingine kabisa.

Kitambaa kinachowambwa

Hariri ya kuchorea haifanani na ile ya skafu. Nyuzi zake ni nyembamba mno, na zimefumwa wazi kiasi kwamba ukikiinua kitambaa kwenye mwanga unaona kilichoko ng'ambo. Kitambaa huwambwa kwenye fremu ya mbao, kingo zikabandikwa kwa gundi, kisha kikapakwa maji yaliyochanganywa gundi ya ngozi ya mnyama na shabu. Mchanganyiko huo wachoraji wanauita dosa, na ni nusu ya kazi. Dosa ikipungua, wino hutambaa kufuata nyuzi, unyoya wa ndege ukageuka doa. Ikizidi, kitambaa hukakamaa na kung'aa, brashi ikateleza. Na shabu ina asidi: iliyowekwa kwa pupa huendelea kukila kitambaa kimyakimya baada ya mchoraji kufa na wajukuu wake kufa.

Hariri iliyopata dosa ya kutosha hainywi wino. Wino hukaa juu, mbichi, na muda huo mfupi ndio mchoraji anaoutaka. Hushika brashi mbili katika mkono mmoja, moja ina wino, nyingine ina maji matupu. Anaweka wino pale kivuli kinapoanzia, anazigeuza brashi kwa vidole bila kuweka kitu chini, kisha anauvuta ukingo wa wino kwa ile ya maji mpaka weusi unafifia na kupotea kabisa. Mbinu hiyo huitwa bokashi. Ukungu bondeni, tumbo la bata, shavu la tumbili, vyote vinatoka hapo. Ukijaribu hivyo kwenye karatasi isiyo na dosa utapata doa lenye kingo kali.

Kitu cha pili ambacho hariri inaruhusu kitawaudhi wapenzi wa hadithi ya pumzi moja. Kwa kuwa kitambaa kinapitisha mwanga, mchoraji huweka chini yake rasimu ya ukubwa uleule, iliyochorwa na kusahihishwa kwenye karatasi, akaifuatisha. Ule mstari mmoja wa mgongo wa korongo unaoonekana kama ulipigwa bila kufikiri, mara nyingi ulikwisha kupigwa na kufutwa na kupigwa tena mahali pengine. Josiah Conder, msanifu majengo wa Kiingereza aliyefika Japani mwaka 1877 kufundisha, alikuwa mwanafunzi wa Kyosai, na mwaka 1911 alichapisha maelezo marefu ya jinsi mwalimu wake alivyofanya kazi, vifaa na hatua zote. Ukiyasoma unakutana na fundi, mwenye mpangilio wa fundi. Kyosai alipenda pombe na dhihaka, na mwaka 1870 aliwahi kukamatwa kwa michoro ya kejeli aliyoichora kwenye karamu, lakini mbele ya hariri hakuwa mlevi.

Sitaki kusema mkono haukuwa na kazi. Rasimu inakuonyesha mstari upite wapi. Haikuonyeshi uzito wake, mahali pa kukandamiza na mahali pa kuinua. Mstari uliofuatishwa kwa woga hujulikana mara moja, kwa sababu unatetemeka na unene wake haubadiliki. Ndiyo maana mwanafunzi wa shule ya Kano, iliyowahudumia mashogun kwa karne kadhaa na ambako Kyosai mwenyewe alisomea, alitumia miaka akinakili kazi za wakubwa kabla ya kuruhusiwa kuchora lake.

Mche wa wino

Wino wa kazi hii hauuzwi ukiwa maji. Unakuja ukiwa mche mgumu, umbo lake kama mche wa sabuni uliopunguzwa, mara nyingi ukiwa na maandishi ya dhahabu ubavuni. Mji wa Nara ndio kitovu chake tangu zamani; karakana ya Kobaien ya mji huo ilianzishwa mwaka 1577 na bado inatengeneza.

Ndani ya mche kuna vitu viwili vikuu: masizi na gundi ya ngozi. Masizi hupatikana kwa kuwasha tambi katika visahani vya mafuta ya mimea, ya ufuta au ya mbegu za jamii ya haradali, na kufunika moshi kwa vifuniko vya udongo ambavyo hugeuzwageuzwa ili masizi yakae sawasawa. Mengine hutoka kwenye mbao za msonobari zenye utomvu. Ya mafuta hutoa weusi unaoelekea kahawia, wenye joto. Ya msonobari huelekea buluu, na ukiyapunguza kwa maji yanakuwa ukungu wenyewe. Mchoraji aliye makini huchagua kabla ya kuanza, maana hariri ya rangi ya malai itaibeba tofauti hiyo hadi mwisho.

Masizi na gundi hukandwa kwa mikono na kwa miguu kama unga mzito, hutiwa manukato kidogo, kafuri au miski, ili kuua harufu ya gundi, kisha hushindiliwa kwenye kalibu ya mbao. Kazi hii hufanywa majira ya baridi tu, kwa sababu kwenye joto gundi huoza. Mche uliotoka kwenye kalibu haukaushwi juani, ungepasuka. Hufukiwa kwenye majivu yenye unyevu, siku zinavyokwenda majivu yakabadilishwa kwa mengine makavu zaidi, halafu huning'inizwa kwa nyasi ndani ya nyumba kwa miezi. Mche mzuri huwekwa miaka, kwani gundi ikizeeka wino hutulia.

Siku ya kuchora, mchoraji hutia matone ya maji kwenye jiwe na kusugua mche polepole. Anayeharakisha hupata wino wenye chembe, na kwenye hariri chembe haifichiki. Kisha huandaa visahani: wino mzito, wa katikati, na ule ulio karibu na maji. Brashi hulowa kwanza kwenye mwepesi, inapata wa katikati mpaka nusu, mwisho ncha yake inaguswa kwenye mzito. Ukiilaza brashi hiyo ubavu na kuivuta mara moja, unapata jani la mwanzi lenye upande wa kivuli na upande wa mwanga kwa pigo moja. Maruyama Okyo wa Kyoto na wanafunzi wake, katika karne ya 18, waliifanya mbinu hiyo kuwa alama yao.

Manyoya ndiyo mtihani wa kweli. Fundi huchukua brashi, huipunguza maji kwenye kitambaa, kisha huibonyeza kwa vidole mpaka ncha inachanuka na kuwa ncha nyingi ndogondogo. Kabla ya hapo ameshapaka wino mwepesi sana mahali mwili utakapokuwa, na wakati bado kuna unyevunyevu ameweka vivuli vya ndani, ambavyo vimetandaa kidogo na kuwa laini. Juu yake sasa anapiga nyoya kwa nyoya, safu nyepesi kwanza, nzito baadaye, akifuata jinsi ngozi ya mnyama inavyozunguka bega na goti. Mori Sosen wa Osaka, aliyeishi kati ya 1747 na 1821, alichora nyani wa Kijapani kwa namna hii hadi jina lake likawa halitengani nao. Alipokaribia miaka 60 alibadilisha herufi ya jina lake akaweka ile ya nyani. Ukimtazama nyani wake kwa karibu, utaona kwamba uso, ambao hauna manyoya, umeachwa karibu mtupu, na uzito wote uko kwenye macho.

Mnyama mweupe yeye hachorwi. Kinachochorwa ni hewa iliyomzunguka. Yangeyange juu ya theluji hupatikana kwa kutia wino hafifu nje ya umbo lake na kuiacha hariri yenyewe iwe mwili. Mwezi hufanywa hivyohivyo. Kwa hiyo ile nafasi tupu inayosifiwa kwa maneno ya kifalsafa, mara nyingi si tupu. Imepakwa, tena kwa uangalifu kuliko ndege mwenyewe.

Na kunguru? Wa Japani si huyu wetu wa Pwani mwenye shingo ya kijivu. Ni mkubwa, mweusi tititi, mwenye mdomo mnene. Kumchora kwa wino mweusi kunaonekana rahisi kuliko vyote, na hapo ndipo wanafunzi wengi huanguka, kwa sababu weusi mtupu juu ya hariri hutoa shimo. Mwili lazima ujengwe kwa madaraja ya weusi, bawa likitengana na kifua kwa mstari mwembamba wa hariri uliobaki bila kuguswa, na wino mzito kuliko wote uwekwe mwishoni.

Chui milia ambaye hakuna aliyemwona

Tunaambiwa kwamba wachoraji hawa walichora maumbile. Maumbile yapi? Japani haina chui milia, haijawahi kuwa na giboni, na bado mahekalu na majumba yake yamejaa wote wawili. Hasegawa Tohaku, aliyefariki 1610, alichora giboni wazuri sana kwa kumsoma Muqi. Chui milia walijulikana kupitia picha za China na Korea na ngozi zilizoletwa na wafanyabiashara. Waliobaki na maswali walimwangalia paka wa nyumbani. Matokeo yanaonekana machoni: mboni ya chui milia wa kweli ni ya duara, lakini ya wale wa Kijapani mara nyingi ni mfereji wima, kama ya paka mchana.

Kosa ninalolipenda zaidi linamhusu chui. Kwa kuwa ngozi za madoa zilifika pamoja na za milia, ilichukuliwa kwamba mwenye madoa ni jike la mwenye milia. Kwa hiyo katika michoro ya shule ya Kano kwenye kasri la Nijo, Kyoto, utamkuta chui wetu akikaa na familia ya chui milia kama mama wa nyumba. Hata mwaka 1860, chui hai alipoletwa na kuonyeshwa mjini Edo, Tokyo ya leo, watu walimwita chui milia, na mmoja wa waliotoa picha ya kuchapwa ikidai ni sura ya kweli ya mnyama huyo alikuwa kijana mmoja aitwaye Kyosai.

Okyo ndiye aliyebadilisha mambo, kwa kiasi. Yeye alidai mchoraji atoke nje na daftari. Madaftari yake ya ndege, wadudu na mimea yapo, yamejaa vipimo na maelezo ya rangi. Chui milia alimchora kwa kuwa na ngozi mbele yake, hivyo milia iko mahali pake. Mwili uliomo ndani ya ngozi hiyo ni wa kukisia. Kishi Ganku, aliyemfuata kwa umri, alisifika kwa kutafuta hata fuvu la chui milia kutoka kwa mfanyabiashara wa Kichina ili ajue kichwa kimejengwaje.

Ito Jakuchu, mwana wa muuza mboga wa jumla katika soko la Nishiki, Kyoto, alikuwa na suluhisho rahisi zaidi: alifuga kuku uani na kuwatazama kwa miaka. Kati ya 1757 na 1766 hivi alichora picha 30 za ndege, samaki, wadudu na maua juu ya hariri, akazitoa kwa hekalu la Shokokuji. Hizi si za wino mtupu, zina rangi kali, lakini siwezi kuziruka, kwa sababu hakuna aliyeielewa hariri kama yeye. Zilipofunguliwa kwa ukarabati kuanzia 1999, wahifadhi waliona upande wa nyuma na kukuta amepaka huko pia. Ndege wa ajabu mweupe anaonekana ana mng'ao wa dhahabu ndani ya manyoya. Hakuna dhahabu pale. Kuna udongo wa njano uliopakwa nyuma ya kitambaa, na mbele yake nyuzi za weupe unaotengenezwa kwa magamba ya chaza. Jicho huchungulia njano kupitia matundu ya hariri na kudanganyika. Kwenye picha mojawapo ya samaki wakakuta pia buluu ya Prusia, rangi ya kiwandani ya Ulaya iliyokuwa ndiyo kwanza inaingia Japani. Mwaka 1889 hekalu lilizikabidhi picha hizo kwa nyumba ya kifalme na kupewa yeni 10,000, zilizolisaidia kubaki na ardhi yake. Mwaka 2021 zikatangazwa kuwa Hazina ya Taifa.

Simba alisubiri zaidi. Takeuchi Seiho wa Kyoto alikwenda Ulaya mwaka 1900 kwa ajili ya maonyesho ya Paris, akatembelea bustani za wanyama na kuchora simba hai. Aliporudi, simba wake waliwashtua watu waliozoea yule simba wa mahekaluni mwenye nywele za mafundomafundo. Lakini kazi yake inayopendwa kuliko zote ni ya mnyama wa kawaida kabisa: paka wa madoa wa mwaka 1924, aliyemkuta kwa muuza mboga mjini Numazu na kumpata kwa kubadilishana na picha. Paka amegeuza kichwa akijilamba mgongo na anakutazama kwa macho ya kijanikibichi. Nyuma yake hakuna kitu. Manyoya ya kingo za mwili yametoka nje ya umbo, laini, kiasi kwamba huwezi kuonyesha kwa kidole mahali paka anapoishia na hariri inapoanzia.

Baada ya brashi kuwekwa chini

Hariri iliyochorwa ni dhaifu mpaka ibandikwe mgongoni. Fundi wa kubandika, ambaye jina lake halionekani popote kwenye picha, huweka nyuma tabaka kadhaa za karatasi, kila moja ya aina yake, kwa gundi ya wanga wa ngano. Kwa baadhi ya tabaka hutumia wanga uliohifadhiwa kwa takriban miaka kumi. Ukizeeka hivyo unakuwa hafifu, kiasi kwamba karatasi lazima igongwegongwe kwa brashi nzito ndipo ishike. Udhaifu huo ni wa makusudi: picha inatakiwa ikunjike kwa urahisi, na baada ya karne moja au zaidi ibanduliwe na kubandikwa upya bila kuchanika.

Chini kabisa hupita mti wa kuviringishia, wenye vishikio viwili pembeni. Hapo ndipo Afrika inapoingia katika habari hii. Vishikio vya picha za gharama mara nyingi vilichongwa kwa pembe za ndovu. Japani ilikuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote duniani kabla ya marufuku ya kimataifa ya 1989, zaidi kwa ajili ya mihuri ya majina. Kenya iliteketeza tani 12 za pembe mwezi Julai mwaka huo, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha pendekezo la kusimamisha biashara hiyo. Siku hizi vishikio vipya ni vya mbao, pembe za mifugo, kauri au plastiki. Ukikuta picha ya zamani mtandaoni yenye vishikio vyeupe vya mistari hafifu, jua kwamba kuisafirisha kuvuka mipaka ni suala la sheria.

Picha haikutundikwa mwaka mzima. Ilitolewa kwa majuma machache kulingana na msimu, ikakunjwa na kurudishwa sandukuni. Mwanga huifanya hariri iwe kahawia na kukatikakatika, ndiyo maana picha nyingi za kale zinaonekana zimechorwa jioni. Wahifadhi wanapoziba tundu, hawatumii hariri mpya jinsi ilivyo, kwa sababu uzi wenye nguvu ungeichana hariri kuukuu iliyouzunguka. Hariri ya kiraka hupigwa kwanza mionzi ya elektroni ili ichoke makusudi, mpaka udhaifu wake ulingane na wa jirani yake.

Mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa Shule ya Sanaa ya Tokyo iliyofunguliwa 1889, Yokoyama Taikan na Hishida Shunso wakiwa mbele, walijaribu kuuondoa mstari kabisa. Walipaka hariri na kuisambaza rangi kwa brashi kavu mpaka picha nzima ikawa hewa na mvuke. Wakosoaji waliwakejeli kuwa wachoraji wa ukungu, na mauzo yakawa mabaya. Shunso alifariki mwaka 1911 akiwa na miaka 36, lakini mwaka mmoja kabla alikuwa amechora paka mweusi juu ya shina la mti, mwili wake doa laini lisilo na mstari, ambaye leo Wajapani wengi wanamtambua kwa kumtupia jicho tu. Taikan aliishi hadi 1958. Kazi yake ya mwaka 1923 ni gombo la hariri lenye urefu wa zaidi ya mita 40, wino mtupu, linalofuata maji kutoka tone la umande mlimani, kupitia mto, hadi baharini na kurudi mawinguni. Lilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 1 Septemba, siku ileile tetemeko kubwa lilipoibomoa Tokyo, likasalimika.

Baada ya vita kuu ya pili wachoraji wengi wa Kijapani walihamia kwenye karatasi nene na rangi za mawe, picha zikawa kubwa na nzito. Hariri ilibaki kwa wachache. Vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la picha ya wino juu ya hariri mara nyingi ni machapisho: ukikuza picha ya bidhaa na kukuta vidoto vya mashine vilivyopangika, au weusi wenye uzito mmoja kila mahali, hapo hapakuwa na brashi. Kwa kulinganisha, makumbusho ya kitaifa ya Japani yameweka picha nyingi za kazi zao bure kwenye tovuti ya ColBase. Tafuta Okyo au Sosen, kisha uvute karibu mpaka nyuzi za kitambaa zionekane chini ya manyoya.